Jinsi ya kujua ndege wahamiaji wanapenda sehemu gani ya ardhioevu

Wengi wakienda hifadhini kuhesabu ndege waliokimbia baridi ya kaskazini wanarudi na jumla tu, bata 400, chamchanga (ndege wanaochokoa chakula topeni) 900, basi. Jumla haikwambii ndege anapenda wapi. Mi nafanya hivi.

Hatua ya 1: Chora ramani kwanza. Tope tupu, maji mafupi, maji marefu ya wazi, matete, majani yaliyolowa, kila moja kadiria ni asilimia ngapi ya eneo lote. Wengi wanairuka hii na ndo inayobeba kazi yote.

Hatua ya 2: Fika alfajiri, jua likupige mgongoni, tulia dakika 10 ndo ushike darubini.

Hatua ya 3: Kila kundi andika aina, idadi, lipo wapi, na linafanya nini. Hapo pa mwisho usipazembee kabisa, maana bata wengi mchana wanalala katikati ya maji halafu usiku wanaenda kula kwingine, ukiwaona mchana tu utaandika wanapenda maji marefu kumbe pale ni kitandani kwao. Wanaokula na wanaopumzika wahesabu mbalimbali.

Kina cha maji usiingie kupima, utawarusha wote, angalia miguu yao. Chamchanga wadogo wanaishia kwenye sentimita chache tu, msese mwenye miguu mirefu anaingia mpaka maji yamguse tumbo. Na tazama wanavyokula: kitwitwi anakimbia, anasimama, anadonoa, anatumia macho, kwa hiyo hata tope linaloanza kukauka linamfaa. Chamchanga anachomachoma kama sindano ya cherehani, anataka tope laini lenye maji.

Hatua ya 4: Gawa asilimia ya ndege kwa asilimia ya eneo. Tope ni 10% ya hifadhi lakini 60% ya chamchanga wanaokula wako hapo? Jibu 6. Zaidi ya 1 wanapatafuta, chini ya 1 wanapakwepa.

Hatua ya 5: Rudia Desemba mpaka Februari, siku moja iangukie katikati ya Januari ili ilingane na sensa ya kimataifa ya ndege wa maji, ipo tangu 1967. Kama ni pwani hesabu maji yakipwa na yakijaa. Na ramani ichore upya kila safari, tope la wiki iliyopita leo laweza kuwa chini ya maji na hesabu yote ikaharibika.