Kokteli ya usiku wa katuni: anza na ladha, rangi itajipanga

Kazi yangu ni kusimama nyuma ya kaunta na kuchanganya vinywaji, kwa hiyo wapwa zangu wanapopanga usiku wa katuni swali huletwa kwangu: "Mjomba, leo tunakunywa nini?" Mara nyingi anayeuliza ameshajijibu. Filamu ya baharini, basi kinywaji cha bluu. Filamu ya theluji, bluu tena, ila barafu izidi. Mimi huwakatalia. Taa zikizimwa, rangi haina kazi. Kinachobaki kwa mtoto aliyekaa gizani ni ubaridi wa glasi mkononi, harufu inayomfikia kabla ya mrija, gesi inayochoma ulimi, na ladha yenyewe. Hivyo vinne ndivyo vya kuoanisha na filamu. Rangi ina dakika zake tano kabla ya giza, na nitaipa haki yake, lakini haipangi kokteli.

Kwanza jiulize filamu ina mwendo gani. Katuni ya mbio, kelele na vichekesho mfululizo inataka gesi, tangawizi na ukali wa ndimu, kinywaji ambacho hata fundo dogo linasikika. Katuni ya taratibu, ya mvua na miti na ukimya, gesi inaisumbua. Hapo mimina juisi ya tango iliyochujwa, majani machache ya mnanaa na maji baridi, basi. My Neighbor Totoro ya mwaka 1988 ni filamu ya namna hiyo, na sijaona kinywaji cha gesi kikiifaa. Halafu angalia kinacholiwa pembeni. Bisi za chumvi zinapenda kinywaji chenye uchachu. Bisi za karameli zimeshamaliza sukari yote inayoruhusiwa usiku huo, kwa hiyo punguza shira au iondoe kabisa.

Shira ndiyo msingi wa kila kitu nitakachosema. Pima gramu 200 za sukari na mililita 200 za maji, pasha moto mpaka sukari iyeyuke, ipoe, iweke kwenye friji. Glasi moja ya kawaida ninaijenga hivi: juisi mililita 90, maji ya ndimu 20, shira 15, kisha maji ya soda 60 juu yake. Juisi ikiwa tamu yenyewe, kama embe au nanasi lililoiva, shira iache. Tikisa juisi, ndimu na shira pamoja na barafu kwenye mtungi wenye kifuniko, sekunde kumi na tano hivi, mpaka mtungi uume vidole kwa baridi, ndipo uchuje na kuongeza soda. Soda haitikiswi. Nasema hivyo kwa sababu kila familia ina mtu wa kujaribu. Na onja ikiwa tayari imepoa, kwani baridi hufifisha utamu: kilichokuwa sawa kwenye jiko la moto kitaonekana kimepwaya glasini.

Sasa filamu zenyewe.

Finding Nemo ya mwaka 2003 ndiyo inayoharibiwa zaidi na rangi ya bluu ya chupa. Watu wanakumbuka bahari na samaki wa rangi ya machungwa, wanasahau kwamba inaanza na msiba, na kwamba sehemu kubwa ni safari ya baba mwenye hofu anayemtafuta mwanawe. Hiyo si filamu ya sharubati ya peremende. Mimi huipa maji ya dafu mililita 120, ndimu 20, shira 10 na chembe za chumvi zinazoshikwa na ncha za vidole viwili. Usiione chumvi kuwa mzaha wa baharini. Ikiwa kidogo hupunguza uchungu wa ganda la ndimu na kuusogeza utamu mbele. Ikizidi tu umetengeneza dawa ya kuharisha. Hakuna gesi. Kinywaji kinakuwa chepesi, na mtoto anaweza kunywa bila kulitoa jicho kwenye kioo.

Ratatouille ya mwaka 2007 inataka pua. Mle kuna mkosoaji wa chakula, Anton Ego, anayeonja chakula kimoja tu na papo hapo anarudi utotoni. Tukio hilo liko karibu na mwisho, kwa hiyo kinywaji cha filamu hii sikitoi mwanzoni. Ninapasha juisi ya tufaha kwa moto mdogo na kijiti kimoja cha mdalasini na karafuu mbili, bila kuichemsha, na kuifunika. Ego anapoingia mgahawani kwa mara ya mwisho, ninafunua sufuria na kumimina vikombe vidogo. Kinywaji cha moto hutoa harufu nyingi kuliko cha baridi, na sebule nzima inapata habari kabla ya kikombe kufika mdomoni. Hakikisha ni vuguvugu tu kwa wadogo. Mwanzoni mwa filamu wape maji. Hawatalalamika, wanamtazama panya akipika.

Inside Out ya mwaka 2015 ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa kazi hii, na ndiyo pekee ambayo ninaivunjia kanuni yangu ya rangi. Tafuta maua makavu ya Clitoria ternatea, yanayouzwa kama chai. Loweka maua sita hivi kwenye mililita 150 za maji ya moto kwa dakika tano, yatoe, ongeza shira mililita 20, ipoze. Utapata kinywaji cha bluu kali ambacho, ukweli usemwe, hakina la maana: ni kitamu tu, na nyuma yake ladha ya majani. Wape hivyo hivyo. Pembeni ya kila glasi weka kikombe kidogo sana chenye maji ya ndimu mililita 20, na waambie kisiguswe.

Filamu hiyo inahusu hisia zinazoishi kichwani mwa msichana. Furaha anashika usukani na kumzuia Huzuni asiguse kitu, mpaka anapogundua kwamba bila Huzuni mambo hayaendi. Hapo ndipo ndimu inaingia. Simamisha filamu kama ni lazima, waambie wainue glasi mbele ya mwanga wa televisheni na wamimine. Bluu inageuka zambarau mbele ya macho yao, na ndimu ikizidi inaelekea waridi. Kinachofanya kazi ni anthosayanini, rangi asilia za maua hayo, ambazo hubadilika kadiri asidi inavyoongezeka. Lakini mimi sifuati rangi. Ninafuata fundo la kwanza baada ya hapo: utamu uliokuwa umelala umeamka kwa sababu uchachu umeingia. Hakuna haja ya kueleza chochote. Mtoto mkubwa ataelewa, mdogo atataka ndimu ya mwenzake.

(Mpwa wangu wa kike atakukumbusha kwamba zambarau kwenye filamu hiyo ni rangi ya Woga, si ya Huzuni. Ana haki. Mjibu kwamba Woga naye alikuwa na kiu.)

Ukikosa maua hayo, maji ya kabichi ya zambarau hugeuka rangi vilevile, lakini yananuka kabichi, na mimi siyapendekezi kwa mtu ninayempenda.

Nimeahidi dakika tano za rangi. Kama watoto wanataka tabaka, anza na kilicho kizito chini. Shira ya komamanga imejaa sukari, itakaa chini yenyewe. Juisi ya machungwa juu yake, ukiimimina polepole kwenye mgongo wa kijiko kinachogusa ukingo wa glasi. Soda mwishoni kwa njia hiyohiyo. Piga picha haraka. Mtoto wa kwanza kupata mrija atakoroga kila kitu, na hiyo ni haki yake.

Linalosahaulika zaidi ni saa. Katuni nyingi zinachukua saa moja na nusu au zaidi kidogo, na glasi kubwa iliyojaa mwanzoni itakuwa maji ya barafu yasiyo na gesi kabla ya nusu. Mimina mililita 150 tu, kisha nyingine ndogo baada ya katikati. Vibonge vya barafu vitengeneze kwa juisi ileile, vikiyeyuka havipunguzi kitu. Soda ihifadhi ikiwa baridi sana na uifungue mbele yao, kwa kuwa soda iliyopoa hushikilia gesi vizuri kuliko ya joto. Na glasi ndogo zina faida ya pili ambayo mzazi yeyote anaijua: safari za chooni.

Kuna mambo nisiyoyajadili. Barafu kavu ya kutoa moshi haiingii kwenye glasi ya mtoto; ina baridi ya karibu nyuzi 78 chini ya sifuri na inaunguza. Asali haipewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Vijiti vya kuchomea matunda havifai gizani, na walio chini ya miaka minne wape barafu iliyosagwa au wasipewe kabisa, kwa sababu kibonge kizima kinaweza kuwakaba. Kola usiku ina kafeini. Utaijutia wewe, si wao.

Wakubwa nao wasitengenezewe kitu cha pembeni. Chukua mtungi uleule, punguza shira kwa nusu, ongeza ndimu mililita 5 na kipande cha ganda lake kilichokamuliwa juu ya glasi ili mafuta yake yaruke. Watakunywa kinachofanana na cha watoto, kikiwa kikavu zaidi mdomoni, yaani utamu umepungua, na hakuna atakayeuliza kwa nini cha Mjomba kina harufu nzuri kuliko chake.