Somo: kupima mto na kisima kwa pamoja, mto Scott wa samoni

Wakuu habari za wikiendi. Kuna walioona ile picha nimeshika tepu ya chuma kwenye kisima cha watu wakauliza natafuta nini, leo nimepata nafasi naeleza.

Mto Scott uko kaskazini kabisa mwa California, kaunti ya Siskiyou, unamwaga kwenye mto Klamath. Samaki waitwao samoni wanatoka baharini wanapanda mpaka huku kutaga. Wanaotuumiza roho ni koho, aina mojawapo ya samoni, maana watoto wao wakianguliwa hawashuki baharini mwaka uleule, wanakaa mtoni karibu mwaka mzima, na hapo katikati kuna kiangazi ambacho mvua hakuna, theluji ya milimani imeshayeyuka na mashamba ya alfalfa (majani ya kulisha mifugo) yanavuta maji kwa pampu. Kinachobaki mtoni ni maji yanayochuruzika kutoka ardhini, na ndiyo ya baridi wanayoyahitaji. Koho wa huku wamo kwenye orodha ya Marekani ya samaki walio hatarini tangu 1997. Sasa ukipima mto ukaacha visima umepima nusu ya kitu.

Hatua ya 1. Omba ruhusa ya mwenye shamba, kila safari, hata kama mmezoeana.

Hatua ya 2, mto. Tafuta sehemu iliyonyooka, pima urefu wa mita 10. Pima upana, alafu kina sehemu kama tano hivi ukivuka, tafuta wastani. Tupa chungwa katikati, washa saa, rudia mara tano (chungwa linazama karibu lote, upepo hauliyumbishi kama kijiti). Mfano upana mita 6, kina cha wastani 0.4, hiyo ni mita za mraba 2.4. Chungwa limetumia sekunde 20, yaani mita 0.5 kwa sekunde, zidisha kwa 0.85 sababu maji ya chini yanaenda taratibu kuliko ya juu. Jibu ni kama mita 1 ya ujazo kwa sekunde. Maji yakipita goti usiingie. Na kuanzia Oktoba mpaka Januari ukiona kokoto zimesafishwa zinang'aa kuliko za pembeni, hapo kuna mayai, zunguka mbali, usikanyage kabisa.

Hatua ya 3, kisima, na hapa ndo wengi wanakosea. Pampu iwe imezimwa masaa kadhaa, la sivyo unapima maji yaliyoshushwa na pampu sio kimo halisi cha maji ya ardhini. Safisha tepu kwa klorini kabla, ni maji ya kunywa ya watu haya. Paka chaki mita ya mwisho ya tepu, shusha, shika namba kamili kwenye ukingo wa juu wa bomba la kisima, tuseme mita 8, vuta juu, chaki ikiwa imelowa sentimita 35 basi maji yako mita 7.65 chini ya ukingo. Weka alama ya rangi pale unaposhika. Mimi mwaka wa kwanza sikuweka, mwezi mmoja nikapimia upande mwingine wa bomba uliokatwa chini zaidi, grafu ikaonesha maji yamepanda wakati hayajapanda, na ile namba tuliitupa.

Hatua ya 4. Mpimaji wa ardhi aje mara moja tu akupe kimo cha kila ukingo na kimo cha mto. Maji ya kisima yakiwa juu kuliko ya mto, ardhi inaulisha mto. Yakiwa chini, mto unavuja kwenda ardhini, na watoto wa koho wanabaki kwenye vidimbwi.

MASWALI

Mkuu, chungwa kweli? Serikali haina mashine?
Ipo ndugu, geji ya Fort Jones, kituo cha serikali cha kupima maji ya mto huu, inafanya kazi tangu 1941, ila iko chini, bonde la mashamba limeshaisha. Haiwezi kukwambia kijito gani huko juu kimekatika jana.

Wakulima hawaogopi mtawashtaki?
Wanaogopa na siwalaumu, hukumu ya mahakama ya 1980 iligawa maji ya mto pamoja na ya visima vilivyo jirani na mto, kwa hiyo namba ni kitu kizito. Lakini tangu 2006 wapo waliokubali visima vyao vipimwe kila mwezi kwa hiari yao, na hao nawaheshimu sana.

Sisi Usangu Ruaha Mkuu unakauka kila kiangazi, hii itatusaidia?
Hatua ya 2 ndio. Kwenu maji yanaondoka zaidi kwa mifereji ya mpunga, anzeni kupima kila mfereji pale unapotoka mtoni, chungwa linafanya vizuri kwenye mfereji ulionyooka. Pimeni siku moja wote.

Kaka, naweza kwenda na watoto?
Nenda nao dada. Wa kwangu ana miaka 9, anashika saa na kuandika namba kwa penseli sababu wino ukilowa unafutika, ila anakaa ukingoni.