Kutengeneza Kifaa cha Kulehemu kwa Kaboni ya Betri Kuukuu

Aliyewahi kuunda behewa dogo la mfano la Reli ya Kati kwa bati la shaba ya njano anaijua adha hii: unalehemu kishikio cha mlango, na ngazi uliyoilehemu jana inadondoka mezani. Shaba hupitisha joto upesi, hivyo pasi ya kulehemu hulazimika kukaa pale muda mrefu hadi behewa zima lipate moto. Kifaa kinachoelezwa hapa hupitisha umeme wa volti chache na ampea nyingi kwenye ncha ya kaboni, na kwa kuwa ukinzani mkubwa uko pale ncha inapoigusa shaba, joto huzaliwa hapo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili, kabla halijatawanyika.

Anza na transfoma. Hapa Dodoma, ulizia kwa wauza vyuma chakavu au kwa mafundi redio chaja kuukuu ya betri za magari, ile nzito ya zamani, si nyepesi ya kisasa iliyojaa saketi. Ondoa dayodi zake, kwani kazi hii haihitaji mkondo mnyoofu, kisha utumie ncha za volti 6. Zikiweza kutoa ampea 15 hadi 20, utapata wati 90 hadi 120, nazo zinatosha kwa behewa. Wapo wanaoisifu transfoma ya maikrowevu, lakini simshauri anayeanza kuigusa: upande wake wa pili hutoa takribani volti 2,000, na kapasita iliyo jirani nayo huweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Umeme huo unaua.

Ifunge transfoma ndani ya boksi la chuma, uunge waya wa ethi kwenye boksi na kwenye chuma cha transfoma, na uweke fyuzi ya ampea 1 kwenye waya wa laini (ule unaoleta umeme). Swichi iwe upande wa volti 230, ambako hupita takribani nusu ampea tu. Upande wa pili ampea 20 zingeunguza swichi ndogo mara moja. Hata hivyo usiweke volti 230 chini ya unyayo wako. Swichi hiyo iwe rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo, ya volti 12 ndani ya boksi, nayo iendeshwe na pedali ya mguu kwa umeme wa adapta ndogo.

Kaboni hutoka kwenye betri kubwa za redio zilizokwisha. Ziwe za kawaida, kwa sababu za alkalaini hazina kijiti hicho. Kichomoe kwa koleo ukiwa umevaa glavu, kifute unga mweusi, kisha ukichonge kwa msasa hadi kiwe kama penseli butu. Kikipata moto mara ya kwanza hutoa moshi kidogo, maana huwa kimenyweshwa nta. Kibane kwenye bomba fupi la shaba lenye skrubu, na bomba hilo ulichomeke kwenye mpini wa mninga. Waya wa milimita 6 za mraba, laini na usiozidi mita moja na nusu, uunganishe mpini na transfoma. Waya wa pili uishie kwenye klipu ya kubana kazi.

Kabla ya kuwasha moja kwa moja, unga taa ya nyuzi ya wati 100 kwa mfululizo na transfoma, upande wa volti 230. Ikiwaka sana ilhali kaboni haijagusa kitu, kuna shoti, zima utafute. Taa hiyo hiyo ukiiacha hupunguza nguvu, na huwa inafaa kwa kulehemu waya wa nusu milimita.

Katika kulehemu, paka dawa ya kulehemu, weka kipande kidogo cha risasi kwenye kiungo, gusisha kaboni, ndipo ukanyage pedali. Risasi ikitiririka na kung'aa, achia pedali kwanza, huku kaboni ikiendelea kukandamiza hadi risasi igande. Haitanata, kwa kuwa risasi haishiki kaboni. Siku moja niliinua mkono kabla ya mguu: cheche iliruka na kuacha shimo kwenye kishikio nilichokuwa nimekipinda kwa nusu saa. Fanya mazoezi kwenye vipande vya kutupa, dirisha likiwa wazi, na ukimaliza osha kazi kwa maji ya uvuguvugu na mswaki mzee, kwa kuwa dawa iliyobaki huigeuza shaba kuwa kijani baada ya siku chache.