Jinsi ya kumchunguza wakala wa Hollywood kabla hujampa skripti yako

Juzi kaja kwangu dogo mmoja tunayeandika naye hapa Dar, ana skripti ya filamu ya Kiingereza na imeili ya mtu anayejiita wakala wa Los Angeles. Anatakiwa alipe dola 400 za "kuisafisha skripti" ndo ipelekwe kwa produsa. Tumekaa mpaka saa sita usiku. Naandika hapa tulichofanya, kwa wanaolenga soko la Marekani, maana huku kwetu produsa unamfuata mwenyewe na haya mambo ya wakala wengi hatujayakulia.

Hatua ya 1. Maliza skripti, na ya pili iwepo, watakuuliza una nini kingine. Isajili U.S. Copyright Office, inafanyika mtandaoni.

Hatua ya 2: majina. Orodha za mawakala zinazouzwa mtandaoni mi sizitaki kabisa, nyingi zimechina, unakuta bado wameandika ejensi (kampuni ya mawakala) ya ICM Partners wakati wenzao wa CAA waliinunua mwaka 2022. Chukua tamthilia tatu zinazofanana na kazi yako, ingia IMDbPro (tovuti ya taarifa za watu wa filamu na tamthilia, ni ya kulipia ila kuna kipindi cha kujaribu bure, weka alamu ya kuifuta) uangalie waandishi wake wanawakilishwa na nani. Usihangaike na aliyeanzisha tamthilia, angalia stafu raita, wale wa ngazi ya chini kabisa kwenye chumba cha waandishi, kwa sababu wakala wake ni mtu aliyekubali mgeni majuzi tu. Majina 15 yanatosha. Andika kwenye daftari la karatasi, mi programu za kupanga mambo zinanipotezea muda.

Hatua ya 3: wakala au meneja? California wakala lazima awe na leseni ya jimbo na kwa mwandishi anachukua asilimia 10. Meneja hana leseni, kisheria kazi yake sio kukutafutia ajira, anakulea na kukutambulisha, anachukua 10 hadi 15 na anaweza kuwa produsa wa filamu yako. Kwa mtu anayeanzia mbali kama sisi ningeanza na meneja, huwa wanajibu kirahisi zaidi.

Hatua ya 4: leseni, chama, na je ndo yeye kweli? Hapa tulia.

Kamishna wa Kazi wa California ana ukurasa wa kutafuta leseni za ejensi, bure. Mi mara ya kwanza nilipoteza usiku mbili hapo, naandika jina lililoko kwenye tovuti ya ejensi halitokei, nikamfuta mtu kwenye daftari, kumbe leseni imetoka kwa jina rasmi la kampuni na lile la kwenye tovuti ni la biashara tu. Kwa hiyo jaribu neno moja moja, jaribu jina la mwenye kampuni, angalia na anwani. Na kama ofisi iko New York usitegemee kumkuta kwenye ukurasa huo wa California, hilo ni jimbo lingine na sheria zake, kutoonekana hapo hakumfanyi tapeli.

Ndo maana lazima uangalie pia orodha ya ejensi zilizosaini mkataba na WGA, chama cha waandishi. Usiichukulie poa hiyo orodha. Mwaka 2019 waandishi zaidi ya 7,000 waliwaacha mawakala wao kwa pamoja, kwa sababu ejensi zilikuwa zinalipwa na studio moja kwa moja kwa kuwakusanya mwandishi, mwongozaji na waigizaji, sasa malipo ya mwandishi yakishuka wao hayawaumi. Mkataba mpya ulizuia hilo.

Haya, leseni ipo, chama wanaitambua, bado hujamaliza! Matapeli siku hizi wanaiba jina la wakala wa kweli kabisa. Jina kwenye imeili ya dogo lilikuwa halisi, ejensi halisi, leseni halisi, tatizo ni ile domeni (sehemu ya anwani baada ya @), herufi moja imezidi, na tulisoma mara tatu ndo tukaiona. Usibonyeze linki yake wala usipige namba aliyokuandikia. Chukua namba kwenye IMDbPro au tovuti uliyoitafuta mwenyewe, pigia mapokezi, uliza kama huyo mtu amekuandikia. Tulipiga kwa WhatsApp wakashindwa, tukaweka vocha tukapiga kawaida, dakika mbili tu, jibu likawa hapana.

Na hela: wakala mwenye leseni California haruhusiwi kukutoza ada ya kukusajili, anakula asilimia yake ukishalipwa. Akisema ya kusomwa, ya kusafishwa, ya trela, ya kwenda kukutana na produsa, hiyo mada ifunge hapohapo hata kama ni dola 20.

Hatua ya 5: kuandika. Imeili fupi, sentensi mbili za hadithi, moja ya wewe ni nani. Usiambatanishe skripti mpaka waiombe, wengi wanaifuta bila kufungua. Wakikuletea fomu ya kusaini kabla hawajasoma skripti ni kawaida, ila isome yote.

Hatua ya 6: simu, wakala au meneja akivutiwa. Muulize ameipenda skripti kwa nini, angempelekea nani kwanza, na ana waandishi wangapi wa ngazi yako. Asiyeweza kutaja hata tukio moja la kwenye skripti hajaisoma. Mkataba ukija mtafute mwanasheria wa burudani aupitie, wengi wao wanachukua asilimia 5 ya malipo badala ya kutoza kwa saa.

Dogo 400 yake anayo bado. Majina yake 15 yako kwenye daftari, sita tumeshayahakiki, Jumatatu tunaanza kutuma.