Bwawa la samaki kwenye grinihausi kwa umeme wa sola: anza na hesabu ya usiku

Wadau wa ufugaji samaki mliopo kwenye baridi, Njombe, Makete, Mafinga, Mbeya, Lushoto na hata wenzetu wa Limuru huko Kenya, hii ni yenu zaidi. Sato (tilapia) anakua vizuri maji yakiwa nyuzi 25 mpaka 30, yakishuka chini ya 20 anadumaa, chini ya 16 hivi anaacha kula kabisa, na yakifika 10 au 11 unaanza kuokota waliokufa. Kwahiyo wanaojenga bwawa dogo uani alafu wanalifunika na kitalu nyumba cha nailoni wanafanya jambo la maana sana, wameanza kutumia nguvu ya jua hata kabla hawajanunua paneli. Shida inaanzia kwenye umeme. Mtu anaenda dukani moja kwa moja anauliza "nina bwawa, nipe paneli ya wati ngapi", muuzaji anampa anayoitaka kuuza, na hakuna kati yao aliyeuliza mashine itafanya kazi saa ngapi. Kwenye bwawa la samaki kazi kubwa ni ya usiku, paneli ikiwa haizalishi chochote. Mfumo wako wote upangwe kwa ajili ya saa 10 alfajiri, sio saa 6 mchana.

Nieleze kwanini. Ule ukijani wa maji, yaani mwani mdogo mdogo, mchana unatengeneza oksijeni nyingi tu, lakini jua likizama unabaki kupumua tu kama samaki, na uchafu wa chini nao unaoza na kula oksijeni, kwahiyo kuanzia saa 1 usiku oksijeni inashuka taratibu mpaka kufika chini kabisa karibu na kupambazuka. Ndo maana mtu anakuta samaki wamekufa asubuhi wakati jana jioni walikula vizuri. Ndani ya grinihausi hali inakuwa ngumu zaidi kwa sababu hamna upepo wa kutikisa maji, alafu maji ya vuguvugu yanabeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na sisi wa milimani tunapunjwa tena na mwinuko: maji ya nyuzi 25 kule usawa wa bahari yanaweza kushika kama miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, hapa kwenye mita 1,900 na kitu yanashika kama 6.5 tu, na hapo ni yakiwa yamejaa kabisa. Samaki unataka awe na 4 au 5 muda wote. Kwahiyo nafasi ya kuchezea ni ndogo.

Sasa kitu cha pili ambacho kinamaliza hela za watu ni kutaka kupasha maji moto kwa umeme wa sola. Tafadhali msifanye hivyo. Kupandisha maji ujazo wa mita 1 (lita 1,000) kwa nyuzi 1 tu kunahitaji yuniti 1.16 za umeme. Chukua bwawa la mita 5 kwa 4, kina mita 1, hilo ni lita 20,000, ukitaka kulitoa nyuzi 18 kwenda 23 unahitaji yuniti 116, yaani hita ya wati 2,000 iwake siku mbili na nusu bila kuzimwa na hapo nimehesabu kama vile hakuna joto linalopotea. Paneli mbili za nyumbani haziwezi hata kuanza. Joto lipatikane kwa jua lenyewe kupita kwenye nailoni, na ukitaka kuongeza, tandaza bomba jeusi la plastiki, lile la maji la kawaida, likiwa limekunjwa kwenye banzi juani mpaka lijaze kama mita 10 za mraba, alafu ka-pampu kadogo ka maji ka DC (kanakotumia umeme kama ulivyotoka kwenye paneli au betri) kanakounganishwa moja kwa moja na paneli bila betri. Jua likitoka kanazungusha, wingu likija kanapunguza, usiku kanasimama kenyewe. Siku ya jua zuri hapo unapata kama nyuzi 1 ya ziada kwa bwawa la ukubwa huo. Inaonekana ndogo lakini ikiongezwa kila siku na ukaizuia isitoke, inabadilisha msimu wote.

Kuizuia isitoke ndo kazi yenyewe. Joto la bwawa linatoka zaidi kwa maji kupaa kuwa mvuke, lita 1 ikipaa inaondoka na joto la kutosha kupoza lita karibu 600 kwa nyuzi 1, kwahiyo funga madirisha ya grinihausi mapema, saa 10 jioni hivi wakati hewa ya ndani bado ina moto, usingoje giza. Alafu funika uso wa maji kwa nailoni usiku, acha upande mmoja wazi kama robo hivi ili hewa iingie na itoke. Bwawa lililochimbwa ardhini linatunza joto kuliko lile la mbao lililosimama juu, na kama lako limesimama juu basi zungushia magunia ya pumba za mpunga au maranda kwenye kuta. Vitu vya bei rahisi kabisa hivi na vinakupunguzia mzigo kuliko paneli yoyote.

Kabla ya kununua kifaa chochote cha umeme punguza pia mzigo wa oksijeni. Kwenye bwawa hilo la mita za mraba 20 weka sato 100 mpaka 150, sio 500 kwa sababu jirani amekwambia kwake wamekaa. Chakula usirushe asubuhi na mapema, subiri saa 4 maji yameshapata joto na oksijeni imepanda, wape wanachomaliza ndani ya dakika 10 au 15, kinachobaki kinazama kinaoza na usiku kinakula hewa ya samaki wako. Maji yakiwa chini ya nyuzi 20 punguza chakula sana maana hawasagi. Na angalia ukijani: zamisha mkono mpaka kwenye kiwiko kiganja kikiwa kimefunguka, kama kiganja kinapotea mapema kabla mkono haujafika nusu, maji yamekuwa mazito mno, toa sehemu umwagilie mboga na uongeze mengine safi. Hiyo mboga itakushukuru, mchicha na nyanya zinapenda sana maji ya bwawa.

Haya, hesabu sasa. Kwa bwawa hilo na idadi hiyo ya samaki, pampu ya hewa ya wati 40 inayotoa lita kama 50 au 60 za hewa kwa dakika inatosha, ikiwa na mawe ya hewa manne yanayotoa mapovu madogo madogo (mapovu makubwa yanakimbilia juu na kuondoka na hewa yao). Iwashe kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 2 asubuhi, ni masaa 14, mara 40 unapata wati-saa 560 kwa usiku mmoja. Betri ya sola ya maji au ya jeli usiitoe zaidi ya nusu kama unataka idumu, kwahiyo unahitaji ya wati-saa 1,120, na betri moja ya volti 12 ampea-saa 100 ina 1,200. Sawa, usiku mmoja umepita. Lakini Njombe mwezi wa 6 mpaka wa 8 ukungu unaweza kukaa mpaka saa 6 mchana na siku inayofuata tena hivyo hivyo, betri haijajaa na usiku umefika, kwahiyo weka betri mbili, au moja ya lithiamu ya ampea-saa 100 ambayo unaweza kuitoa mpaka asilimia 80 na ikakupa karibu usiku mbili. Kuhusu betri ya gari, hata kama umepewa bure, hapana. Imetengenezwa kupiga starta sekunde chache, ukiitoa taratibu usiku kucha kila siku inakufa ndani ya miezi michache na itakufa usiku, samaki wakiwa wanaitegemea.

Paneli: wati-saa 560 za usiku, ongeza 400 za mchana kwa zile siku za mawingu ambazo mwani hautengenezi kitu na lazima pampu iwake masaa 24, jumla 960, gawa kwa 0.7 kwa ajili ya umeme unaopotea njiani, unapata kama 1,370. Siku mbaya ya kipupwe ihesabie masaa 3 na nusu tu ya jua kamili, inakuja karibu wati 390. Chukua paneli mbili za wati 200. Siku za jua zuri zitakuwa na ziada. Ukiwa dukani mwambie fundi aitoe paneli juani mchana aipime ampea kwa mita, paneli ya wati 200 ya mfumo wa volti 12 jua likiwa kali inatakiwa iguse karibu na ampea 10, ikitoa 5 hiyo stika ya nyuma imedanganya, iache hapo hapo.

Alafu kuna hili la uelekeo. Sisi tupo kusini mwa ikweta, Njombe ni nyuzi 9 hivi kusini, kwahiyo paneli zinaelekea kaskazini na zinainama nyuzi 10 mpaka 15 ili mvua izioshe. Fundi aliyejifunza kwenye video za Ulaya atazielekeza kusini, msimamie. Usizifunge juu ya grinihausi yenyewe, zitaziba mwanga unaoingia kwenye maji na ule mti wa paa haukujengwa kubeba uzito huo, weka kwenye bati la nyumba au nguzo pembeni.

Inveta, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, iruke kabisa kama unaweza, nunua pampu ya hewa inayotumia volti 12 moja kwa moja. Inveta ya wati 1,000 inaweza kula wati 10 mpaka 15 ikiwa imewaka tu bila kazi, yaani kwenye mzigo wa wati 40 unalisha kifaa kingine robo ya umeme wako usiku kucha. Ila volti 12 haipendi waya mwembamba, kutoka kwenye betri kwenda kwenye pampu tumia waya wa milimita 4 na umbali usizidi mita 10, na fyuzi iwe karibu kabisa na betri.

Chaji kontrola, yaani kifaa kinachosimamia umeme kati ya paneli, betri na mzigo, nunua ya MPPT (aina inayovuna umeme zaidi kwenye paneli), na kabla hujaondoka jifunze kuiseti, kwa sababu nyingi zina mpango wa taa za nje ambapo mzigo unawaka masaa machache jioni alafu unazima. Pia kontrola ikiona betri imeshuka, mara nyingi kwenye volti 11 na kidogo, inakata mzigo kimya kimya bila kukuamsha. Kwahiyo mwambie fundi akufungie kengele ndogo yenye betri yake, iliyounganishwa na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), umeme wa pampu ukikatika inalia ndani chumbani kwako. Ni kazi ya nusu saa, na naiona ni muhimu kuliko paneli ya tatu.

Sasa nenda pale pampu inapokaa. Iweke juu ya usawa wa maji, ndani ya grinihausi, kwenye kiboksi chenye matundu kilichoinuliwa karibu na paa. Ndani, kwa sababu ikivuta hewa ya nje ya nyuzi 5 usiku kucha na kuipuliza kwenye maji yako itakupunguzia kidogo joto ulilolihangaikia mchana. Juu, kwa sababu ikizimika ghafla maji yanaweza kurudi kwenye mpira mpaka ndani ya mashine na kuiua. Kama lazima ikae chini basi weka valvu ya njia moja kwenye mpira. Betri na kontrola vyenyewe vikae nje ya grinihausi, mahali pakavu penye hewa, unyevu wa mle ndani unatafuna vichwa vya betri na vituo vya waya mpaka vinaota ukungu wa kijani.

Simtanki la lita 1,000 juu ya jukwaa ni la akiba. Lijaze mchana kwa pampu ya sola, na usiku ambao mashine imegoma, usilifungue saa 2 usiku kwa haraka, lifungue saa 10 au 11 alfajiri wakati oksijeni iko chini kabisa, maji yapite kwenye kopo lililotobolewa matundu mengi ili yaanguke kama mvua. Ukiona samaki wamepanga midomo juu ya maji wanahema, hapo hapo fungua, na siku hiyo usiwape chakula.

Na jambo moja ambalo halihusu umeme ila linaua bwawa zima: kama umepanda nyanya humo humo ndani, usipulize dawa za wadudu za kundi la pairethroidi wala dawa za ukungu zenye kopa (shaba). Samaki hawazihimili hata kidogo zikidondokea majini. Tumia mitego ya kunata na mikono yako.

Funga kila kitu kufikia mwezi wa 4, kabla ya baridi, maji yakiwa ndani lakini samaki bado. Washa mfumo kama vile samaki wapo, kila siku saa 12 asubuhi kabla jua halijagusa paneli pima volti ya betri na uandike kwenye daftari pamoja na joto la maji. Kwa betri za maji au jeli, pampu ikiwa imezimwa kidogo, ukisoma 12.2 upo kwenye nusu, juu ya hapo ni salama, ukikuta 12.0 au chini siku mbili mfululizo basi ongeza betri au punguza idadi ya samaki uliyopanga (lithiamu volti yake haikwambii ukweli, hiyo iangalie kwenye mita yake ya asilimia). Namba zikikaa sawa wiki nzima ikiwemo siku za mawingu, ongea na afisa uvuvi wa halmashauri yako, alafu nenda kachukue vifaranga kwenye kituo cha ukuzaji viumbe maji, kwa sisi wa kusini Ruhila pale Songea ndo karibu.