Lubumbashi hadi Brussels kwa ndege: pima umbali mwenyewe

Weka rula kando. Ramani ya Mercator, ile iliyozoeleka ukutani, inazivuta nchi kadiri zinavyoiacha ikweta, hata sentimita moja karibu na Lubumbashi inabeba kilomita mara moja na nusu ya zile za karibu na Brussels. Hesabu sahihi inafuata mviringo wa dunia, na kalkuleta ya simu yenye sin na cos inaitosha.

Kwanza pata latitudo na longitudo. Kwenye Google Maps, shikilia kidole juu ya njia ya kurukia mpaka pini itokee, kisha soma nambari mbili; ya kwanza ni latitudo. Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi (kwenye tiketi FBM), ni −11.59 na 27.53. Brussels (BRU) ni 50.90 na 4.48. Ukikuta digrii na dakika, gawa dakika kwa 60: 35′ ni 0.58. Anayeandika 11°35′ kama 11.35 ameusogeza uwanja karibu kilomita 26.

Kalkuleta iwe kwenye DEG, yaani digrii. Ikibaki RAD (radiani, kipimo kingine cha pembe), majibu yote ni takataka.

sin 11.59 ni 0.2009, nayo inabeba alama ya kutoa kwa sababu tuko kusini. Zidisha kwa sin 50.90, yaani 0.7760: −0.1559.
Halafu cos 11.59 × cos 50.90 × cos ya tofauti ya longitudo (27.53 − 4.48 = 23.05): 0.9796 × 0.6307 × 0.9202 = 0.5685.
Jumlisha: 0.4126. Bonyeza cos⁻¹, upate digrii 65.63. Kila digrii ni kilomita 111.195, kwa hiyo umbali ni kilomita 7,298. Ukitaka maili za baharini wanazotumia marubani, zidisha digrii kwa 60: 3,938.

Ile alama ya kutoa ilinde sana. Ukiisahau unapata kilomita 4,846, na jibu linaonekana la kawaida kabisa, kumbe umeihamishia Luano Sudan.

Hiyo ni njia fupi kuliko zote. Ndege hupita njia za anga zilizopangwa na kukwepa mawingu ya radi, hivyo husafiri zaidi kidogo. Tiketi ya kupitia Addis Ababa (8.98, 38.80) ipime vipande viwili: 2,605 na 5,619, jumla 8,224. Kituo hicho kimeongeza kilomita 926.

Kwa muda wa angani, gawa kilomita kwa 850, kasi ya ndege kwa saa, kisha ongeza nusu saa kwa kila kipande: hapa ni kama saa 10 na dakika 40. Usitoe tu saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika. Addis inatangulia Lubumbashi kwa saa moja, kwa hiyo kipande cha kwanza kipunguzie saa hiyo.