Weka kebo ya spea kwenye habu yako kabla panya hawajakuwahi

Wadau wa Mwanza, kama ofisi yako ina habu mbili (vile viboksi vya matundu, yaani poti, vinavyogawa mtandao kwa kompyuta) zimeunganishwa na kebo moja tu, vuta ya pili wiki hii. Mi nilijifunza kwenye ghala moja la dagaa pale Mwaloni Kirumba, panya walikata waya darini asubuhi magari yanapakia, kaunta ikakaa bila mtandao mpaka jioni na wamama wa watu wamesimama na hela zao wanasubiri risiti, iliniuma sana.

Cha kwanza ni njia. Spea usiipitishe kwenye tranki moja (ule mfereji wa plastiki wa kufichia waya) na kebo kubwa, yaani ile kuu inayofanya kazi, hili kosa naliona kila siku, watu wanavuta zote pamoja kwa sababu ni rahisi, sasa panya akiingia anakula zote na fundi umeme akitoboa ukuta anatoboa zote. Moja ikipita darini, nyingine ipite chini ukutani. Isizidi mita 100 kifaa hadi kifaa, na nunua shaba tupu, ile aluminiamu iliyopakwa shaba inakatika ovyo.

Kukrimpu, yaani kubana vichwa vya kebo, pande zote nyaya za ndani zikae mpangilio uleule: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Piga testa, taa ziwake 1 mpaka 8 bila kuruka.

Sasa hapa tulia unisikilize. Spea USIICHOMEKE pande zote mbili wakati kubwa ipo. Habu haina akili ya kujua kuna njia mbili, data inaanza kuzunguka inazunguka haiishi, taa zote zinawaka kwa fujo, ofisi nzima inakufa na wewe unapigia simu watu wa intaneti wakati shida iko ukutani kwako. Chomeka upande mmoja tu, ule mwingine uache karibu na poti, kichwa kifunge selotepu nyekundu na uandike SPEA, maana lazima atatokea mtu mwema anayeona waya unaning'inia anauchomeka. Kubwa ikikatika, chomoa kubwa kwanza, ndo uchomeke spea.

Ukitaka ijigeuze yenyewe, achana na habu, tafuta swichi mbili za mtandao zenye setingi na uwashe RSTP (setingi inayozuia data kuzunguka) kwenye zote kabla ya kuchomeka. Hapo kebo zote mbili zinakaa, swichi inafunga poti moja, ikikatika hii inafungua ile ndani ya sekunde chache. STP ya zamani nayo inafanya ila utasubiri sekunde 30 hadi 50.

Kama habu moja iko jengo jingine, usivute shaba nje, radi za huku ziwani mnazijua, weka faiba, ile kebo ya kioo inayopitisha mwanga badala ya umeme.

Halafu kila mwezi, jioni watu wameshatoka, chomoa kubwa ufanyie kazi kwenye spea nusu saa, maana panya wanakula na spea pia na hamna atakayekwambia.